Kabati la malkia na fundi wa herufi nne

Nakarabati fanicha za kale, na kabati la droo la Kifaransa ninalopenda wanafunzi wangu walijue kabla ya mengine yote ni lile lililopelekwa kasri la Fontainebleau mwaka 1737 kwa Malkia Marie Leszczyńska, mke wa Mfalme Louis wa 15. Sasa liko makumbusho ya Louvre, Paris. Uso wake ni laka nyeusi ya Japani yenye mandhari ya dhahabu, lakini umbo lake ni la Paris tupu: tumbo limetuna mbele, mbavu zimepinda. Japani haikutengeneza kabati la umbo hilo, na picha zile zilichorwa juu ya ubao ulionyooka. Zilifikaje kwenye tumbo la kabati?

Laka hiyo ni utomvu wa mti uitwao urushi. Hupakwa tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka huachwa ligande kwenye hewa yenye unyevu. Penye ukavu haigandi vizuri. Ikishakomaa huwa ngumu na inang'aa, ila haipendi kukunjwa. Wakati huo Wazungu walioruhusiwa kufanya biashara na Japani walikuwa Waholanzi peke yao, wakiwa wamefungiwa kwenye kisiwa cha Deshima huko Nagasaki. Kwa hiyo bidhaa za laka zilizofika Paris zilikuwa chache na ghali mno.

Hapo ndipo anapoingia Thomas-Joachim Hébert, mfanyabiashara wa vitu vya anasa. Watu wa kundi lake hawakushika randa wala patasi. Walitafuta mali adimu, wakabuni wanachotaka, wakampa fundi. Kabati au sanduku la Kijapani lilivunjwa, mbao zake zikapasuliwa ili uso utengane na mgongo, kisha mti wa nyuma ukapunguzwa mpaka ikabaki karatasi nyembamba ya mti iliyobeba laka. Karatasi hiyo ndiyo iliyobanwa kwa gundi ya wanyama juu ya kiunzi kilichopinda. Ukizidisha nguvu, laka inapasuka. Ukilegeza, gundi haishiki na pembe zinainuka. Nimeshika vinia, yaani karatasi za mti kama hizo, za kila aina, na sijui kazi inayodai mkono mtulivu kuliko hii. Kitu kizima cha fundi wa Kijapani kiliuawa ili hiki kizaliwe, na jambo hilo linaniuma kila ninapolitazama kabati lenyewe, hata ninapolistaajabia.

Pale laka ya Japani ilipoisha, Wafaransa walijaza kwa vanishi nyeusi yao wenyewe, ile iliyopewa jina la ndugu wa ukoo wa Martin. Maungio yakafunikwa kwa mapambo ya bronzi. Mapambo hayo hayakumwagwa na seremala, kwa kuwa sheria za vyama vya mafundi zilikataza: mwenye mbao abaki na mbao, mwenye kalibu na kalibu. Dhahabu ilichanganywa na zebaki, ikapakwa juu ya bronzi, kisha zebaki ikafukuzwa kwa moto. Moshi wake uliwadhuru sana waliofanya kazi hiyo.

Na seremala mwenyewe? Chapa yake ni BVRB, basi. Kanuni za chama zilizoandikwa mwaka 1743 na kuanza kutumika 1751 zilimlazimu kila fundi mkuu kugonga chapa, na wengi waligonga jina zima. Huyu aliweka herufi tu, na kwa kuwa wateja walijuana na mfanyabiashara, si na karakana, jina lake likapotea kabisa. Ni mwaka 1957 tu ndipo alipotambuliwa kuwa Bernard van Risenburgh wa pili. Baba yake, Bernard pia, alitoka Groningen, Uholanzi, na mwana wa huyu wa pili naye akaitwa Bernard.

Ndiyo maana siridhiki na chapa peke yake. Isitoshe, fundi aliyekarabati kabati la mwenzake naye aliweza kugonga yake. Mimi huvuta droo kwanza. Natazama mwaloni wa ndani, alama za randa ya mkono, jinsi meno ya pembe yanavyoumana, na unene wa vinia, maana iliyokatwa kwa msumeno wa mkono ni nene kuliko ya mashine na haina usawa. Nikikuta laka, natazama kwa taa iliyolazwa ubavuni, pale tumbo linapopinda zaidi. Laka ya kweli iliyobandikwa hapo mara nyingi huwa na nyufa nyembamba zinazofuata nyuzi za mti ulio chini yake, na nyufa hizo ni vigumu kuzighushi.