Gari la soko la nje: maana yake na namna ya kulitambua

Litazame gari hili. Paa limepanda ngazi moja nyuma ya viti vya mbele, vidirisha vyembamba vimepinda kufuata ukingo wa paa, na tairi la akiba limening'inia kwenye mlango wa nyuma. Mtu yeyote anayeyajua magari atakuambia ni Land Rover Discovery ya kizazi cha kwanza. Lakini kwenye grili imekaa H ya Honda, na nyuma pameandikwa Crossroad. Hakuna aliyeghushi chochote. Honda yenyewe iliuza gari hilo nchini Japani kuanzia mwaka 1993, tena likiwa na injini yake ile ile ya V8 (yenye silinda nane) ya Land Rover.

Hilo ni mfano mzuri wa gari la soko la nje, yaani gari ambalo kampuni ililikusudia wanunuzi wa nchi fulani, na nje ya nchi hizo halikuuzwa likiwa jipya. Neno "nje" linategemea umesimama wapi: geni kwako ni la kawaida kwa mwenzako. Ndiyo maana si vizuri kulichanganya na gari adimu. Lamborghini LM002 zilitengenezwa kama 300 tu kati ya 1986 na 1993, kwa hiyo ni adimu popote duniani. Nissan Rasheen hali yake ni tofauti. Iliuzwa Japani tu kuanzia 1994 hadi 2000, na huko haikumshangaza mtu. Uadimu wake unaanza pale inapovuka bahari.

Kwa nini kampuni ihangaike hivyo? Mara nyingi sababu ni pengo dukani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wateja walizitaka sana SUV, yaani magari yaliyoinuka yenye sura ya jipu, na Honda haikuwa nayo hata moja. CR-V, SUV iliyoiunda yenyewe, ilitoka mwaka 1995. Basi ikaazima. Mbali na Discovery, ilichukua gari kubwa la Isuzu na kuliita Horizon. Gari hilo moja la Isuzu ndilo darasa lenyewe la somo hili: Trooper katika nchi nyingi, Bighorn kwao Japani, Holden Jackaroo Australia, Opel au Vauxhall Monterey Ulaya, Acura SLX Marekani. Bodi moja, majina sita. Wakati mwingine sababu ni lugha tu. Mitsubishi Pajero huitwa Montero kwa wanaosema Kihispania kwa kuwa kwao "pajero" ni tusi, na Uingereza ikaitwa Shogun. Pajero ya kizazi cha kwanza iliuzwa pia Marekani kama Dodge Raider, na Korea Kusini ikaundwa kwa jina la Hyundai Galloper.

Kwa hiyo ukitaka kulitambua gari la namna hii, nembo iwe ya mwisho kuiamini. Anza na vile ambavyo kiwanda hakipendi kuvibadilisha kwa sababu ya gharama: mkato wa milango, nguzo za madirisha, umbo la paa, vitasa. Kalibu za kukandamizia bati ni ghali mno, hivyo anayeazima gari la mwenzake hugusa grili, bampa, taa na rimu, basi. Ziba sehemu ya mbele ya picha kwa kiganja, uangalie ubavu peke yake. Horizon na Bighorn hutazitofautisha.

Ukishaijua bodi, bado hujajua gari liliandaliwa kwa ajili ya nani. Hapo ninapenda kusoma alama za sheria, maana kila nchi huacha alama yake. Taa ndogo za ubavuni, za rangi ya chungwa mbele na nyekundu nyuma, zinaashiria Amerika Kaskazini. Kijioo cha ziada kilichosimama juu ya fenda ya mbele kushoto ni cha Japani, ambako dereva anatakiwa aweze kumwona hata mtoto aliyesimama karibu na pua ya gari. Inama usome vioo vya taa: herufi E ndani ya duara pamoja na namba ni idhini ya kanuni za Umoja wa Mataifa, na namba hiyo inataja nchi iliyoitoa, 1 Ujerumani, 2 Ufaransa, 11 Uingereza. Herufi DOT ni za Marekani. Ila taa huvunjika na kubadilishwa, kwa hiyo usihukumu kwa taa moja.

Namba ya chesisi ina uzito zaidi. Ile ya kimataifa ina tarakimu na herufi 17, haina I, O wala Q, na mwanzo wake unaonyesha asili: J Japani, KL hadi KR Korea Kusini, W Ujerumani, 9B Brazil. Asili hiyo ni ya utengenezaji. Haikuambii liliuzwa wapi.

Hapa wengi hukwama. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani kwa kawaida hayana namba hiyo ya 17. Yana namba fupi yenye kistari katikati, na mitambo ya mtandaoni ya kusoma chesisi huikataa, mtu akadhani ameuziwa gari la magendo. Chukua gari ambalo namba yake inaanza na KZJ78. KZ ni injini, dizeli ya Toyota iitwayo 1KZ. J ni ukoo wa Land Cruiser. 78 ni aina ya bodi. Herufi na tarakimu tano zimekupa zaidi ya nembo zote. Kwenye Horizon utakuta UBS, ambayo ni namba ya ukoo wa Isuzu, na ubishi unakwisha hapo.

Yapo pia yasiyoazima sura ya mtu. Toyota Mega Cruiser watu huiita Hummer kila siku, kumbe ni ndugu wa gari la Jeshi la Kujihami la Japani: upana wake unapita mita 2, injini ni dizeli ya lita 4.1, na magurudumu ya nyuma nayo hukata kona. Na Toyota Bandeirante ya Brazil, ukiiona kwa mbali, ni Land Cruiser ya zamani isiyo na la ajabu. Fungua boneti. Kwa miaka mingi, pale ilipotakiwa kuwepo injini ya Toyota, ilikaa dizeli ya Mercedes-Benz.

Unapoandika ulichokitambua, weka na mwaka. Honda ililirudisha jina la Crossroad mwaka 2007, juu ya gari lake yenyewe la viti saba lisilo na hata bolti moja ya Land Rover.