Mwandishi akifungiwa mlango wa Ikulu, aandikiwe kwa nini

Nafundisha sheria ya habari, na swali ninaloulizwa sana ni hili: Rais wa Marekani halazimiki kuongea na mwandishi asiyempenda, kwa hiyo akimzuia kuingia, kosa liko wapi?

Mahakama ya rufaa ya Washington ililijibu mwaka 1977. Robert Sherrill wa jarida la The Nation alinyimwa kibali cha kuingia White House, yaani Ikulu ya Marekani, na hakuelezwa sababu. Mahakama ilikubali kwamba Rais humpa mahojiano amtakaye. Lakini Ikulu ikishafungua chumba kwa ajili ya wanahabari, haiwezi kumnyima mmoja wao kiholela. Ni lazima aelezwe sababu, apewe nafasi ya kujitetea, na uamuzi wa mwisho uwe wa maandishi. Wengi huona huo ni utaratibu wa kiofisi tu. Kwangu ndiyo kinga yenyewe, kwa sababu sababu iliyoandikwa inaweza kupelekwa mbele ya jaji.

Februari 2025 shirika la habari la AP (Associated Press) lilizuiwa kuingia Oval Office, ofisi ya Rais, kwa kuwa liliendelea kuandika "Ghuba ya Mexico" baada ya Rais Trump kuibadilisha jina. Aprili 8, Jaji Trevor McFadden aliamua kwamba serikali haiwezi kulibagua shirika kwa msimamo wake. Juni mahakama ya rufaa, majaji wawili kwa mmoja, ikasitisha sehemu kubwa ya amri hiyo, ikisema chumba kidogo kama kile Rais anaweza kuchagua wa kuingia.

Hapo sikubaliani nao. Wanaoingia mle ni waandishi wachache wa zamu, na wanachokiona huwafikia wenzao wote waliobaki nje. Habari za AP huchapishwa hata Nairobi na Dar es Salaam. Ukiliondoa, anayeumia kwanza ni msomaji wa gazeti lisilo na uwezo wa kumweka mtu Washington.

Na kuna jambo linalonitia hofu zaidi. AP ilishinda Aprili kwa sababu maofisa walitamka sababu yao hadharani. Wiki moja baadaye White House ikafuta nafasi ya kudumu ya mashirika ya habari katika zamu hiyo, Reuters na Bloomberg wakiwemo. Mpango mpya haulitaji shirika lolote kwa jina wala hausemi lolote kuhusu Ghuba, na wanaopanga zamu sasa ni maofisa wa Ikulu wenyewe. Atakayeachwa nje kesho ataithibitishaje nia yao mahakamani?