Kamera ya Nyuma ya Motahomu: Ni Kitu Gani, na ya Bei Nafuu Inachaguliwaje

Kamera ya nyuma, au kamera ya rivasi kama mafundi wengi wanavyoiita, ni kamera ndogo inayofungwa mgongoni mwa gari ili dereva aone, kwenye skrini iliyo mbele yake, kilichopo nyuma ya bampa. Mfumo mzima una vitu vinne: kamera, njia ya kupeleka picha mbele, skrini na umeme. Kwenye gari dogo fundi anaumaliza kabla ya chakula cha mchana. Kwenye motahomu, yaani gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, kazi huwa nzito zaidi kwa sababu ile njia ya picha inaweza kufika mita 10 au zaidi, ikipita kwenye kuta, matenki na mabomba. Anayetafuta kamera ya bei nafuu aifikirie njia hiyo kwanza, kamera baadaye.

Haja yenyewe haina ubishi. Dereva wa gari dogo anaweza kugeuza shingo akaangalia kwenye kioo cha nyuma. Motahomu nyingi hazina kioo hicho. Pana ukuta, na nyuma ya siti kuna kabati na kitanda. Vioo vya pembeni vinaonyesha ubavu wa gari na barabara kwa mbali, lakini haviingii katika lile eneo lililo nyuma kabisa ya bampa, ambamo mtoto, baiskeli au nguzo fupi vinakaa bila kuonekana hata kidogo.

Wazo ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani: gari la maonyesho la Buick Centurion la mwaka 1956 lilikuwa na kamera ya televisheni nyuma badala ya kioo. Lakini kilichoifanya iwe kifaa cha kawaida ni sheria. Mwaka 2008 Marekani ilipitisha sheria yenye jina la Cameron Gulbransen, mtoto wa miaka 2 aliyefariki mwaka 2002 baada ya kugongwa na gari lililokuwa likirudi nyuma. Kanuni zilizotokana nayo zilianza kutumika kikamilifu tarehe 1 Mei 2018: kila gari jipya lenye uzito wa juu usiozidi pauni 10,000, takribani kilo 4,536, lazima limwonyeshe dereva eneo la nyuma lenye upana wa futi 10 na urefu wa futi 20, yaani kama mita 3 kwa 6, na picha itokee ndani ya sekunde 2 baada ya kuweka gia ya rivasi. Motahomu kubwa zinapita uzito huo, kwa hiyo kanuni haizigusi. Hata hivyo vipimo vyake vinamfaa sana mnunuzi. Kamera inayokuonyesha mita 3 kwa 6, haraka, mchana na usiku, imefanya kazi yake. Mengine ni mapambo.

Ndiyo maana sioni sababu ya kulipia pikseli nyingi. Skrini yenyewe ni ndogo, mara nyingi inchi 5 au 7, na unachotaka kujua ni kama kuna kitu na kiko umbali gani. Upana wa lenzi una maana zaidi. Nyuzi 120 hadi 140 zinatosha. Zikifika 170, pembe za picha zinapinda na kila kitu kinaonekana kiko mbali kuliko kilipo, jambo baya kwa mtu anayekadiria nafasi ya kusimama. Kwa usiku, taa ndogo za infraredi zinazoizunguka lenzi zinasaidia mita chache tu, na picha huwa nyeusi na nyeupe. Taa nzuri za rivasi zitakusaidia zaidi ya hizo. Kuhusu maji, tafuta alama ya IP67 angalau: vumbi haliingii, na kifaa kinavumilia kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa nusu saa. Ukiwa na mazoea ya kuosha gari kwa mashine ya presha, IP69K ndiyo inayokufaa.

Sasa njia ya picha. Kuna kamera za waya na zisizo na waya, na zisizo na waya ndizo zinazouzwa kwa maneno matamu. Hakuna kupitisha kebo, unaambiwa. Ni kweli nusu, kwa sababu kamera bado inahitaji umeme kule nyuma, na skrini inahitaji umeme mbele. Kinachoondolewa ni kebo ya picha peke yake. Zile za zamani za analogi ni za kuziepuka: picha inajaa chenga, na ukisimama karibu na gari jingine lenye kamera kama yako unaweza kuona nyuma ya gari lisilo lako. Za kidijitali ni bora. Kamera na skrini zinaoanishwa, na picha za jirani haziingii. Ila nyingi hutumia masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ya Wi-Fi na Bluetooth, na ule umbali unaoandikwa kwenye boksi umepimwa uwanjani, pasipo kuta za alumini, friji na tenki la maji katikati.

Kuna pia suala la kuchelewa. Ukirudi nyuma kwa mwendo wa mtu anayetembea, kilomita 5 kwa saa, gari linasogea karibu mita 1.4 kila sekunde. Picha ikichelewa nusu sekunde, wewe unatazama mahali gari lilipokuwa sentimita 70 zilizopita. Skrini inasema bado pana nafasi, kumbe bampa limeshafika. Kulijaribu hilo ni rahisi: mtu asimame mbele ya kamera apunge mkono, mwingine atazame skrini na kumsikiliza anapohesabu kwa sauti. Mkono na sauti vikiachana waziwazi, rudisha kifaa dukani.

Kwa hiyo ushauri wangu ni waya kwanza, hasa kama una bajeti finyu. Kamera ya waya ya bei ya chini hutoa picha thabiti kuliko isiyo na waya ya bei ya kati. Ya pili uichague pale tu ambapo kuta zimefungwa kiasi kwamba kebo haipiti, au motahomu ni ya kukodi.

Kuna mitego midogo ya kuangalia kabla ya kulipa. Kamera za AHD, yaani analogi yenye picha kali zaidi, na zile za analogi ya kawaida zinaweza kutumia plagi zinazofanana kabisa, lakini skrini isiyoelewa AHD itabaki nyeusi. Vivyo hivyo PAL na NTSC, mifumo miwili ya picha za televisheni: ikichanganywa, picha inapanda na kushuka au inakosa rangi, na mtu anadhani kamera ni mbovu. Angalia volti pia. Motahomu nyingi ni za volti 12, ila zilizojengwa juu ya chasi ya basi au lori zinaweza kuwa na volti 24, na kamera ya 12 tupu itaungua siku ya kwanza. Picha iwe imegeuzwa kama ya kioo, ili kilicho kushoto kwako kionekane kushoto. Kamera nyingi za bei nafuu zina vitanzi viwili vidogo vya waya karibu na plagi: kimoja kikikatwa kinaondoa mistari ya kuongozea, kingine kinageuza picha. Soma karatasi kabla ya kushika mkasi.

Kabla ya kutoboa chochote, unganisha mfumo wote ukiwa chini. Kebo ilazwe nje kandokando ya gari, kamera ishikwe na mtu au ibandikwe kwa utepe wa karatasi pale juu, injini iwashwe. Mafundi wenye haraka huiruka hatua hii, na ndiyo inayookoa ukuta.

Mahali pazuri ni juu, katikati, mita 2 hadi 3 kutoka ardhini, kamera ikiinama kiasi kwamba ukingo wa bampa unaonekana chini kabisa ya picha. Bampa lisipoonekana huna pa kuanzia kupima. Kamera ya kwenye kibao cha namba iko chini mno kwa gari refu, na tope la magurudumu linaifikia mapema.

Tundu la ukutani ndilo linaloweza kukugharimu kuliko kamera yenyewe. Maji yakipita nyuma ya ukuta wa motahomu huozesha mbao kimyakimya, na dalili zinatokea wakati uharibifu umeshaenea. Kwa hiyo tundu jipya liwe chaguo la mwisho. Kule juu nyuma huwa kuna taa ndogo nyekundu za kuonyesha kimo cha gari. Fungua moja, na mara nyingi utakuta tundu lililokwisha kutobolewa lenye waya zake, na waya wa kamera unaweza kupita humohumo. Ikibidi kutoboa, hakikisha kwanza kwamba nyuma ya hapo hakuna bomba la gesi, la maji wala waya wa umeme wa nyumba. Weka utepe wa butili, mpira laini unaonata na kuzuia maji, chini ya kishikizo cha kamera, kisha zungushia gundi ya kuziba inayotengenezwa kwa magari ya aina hii. Silikoni ya bafuni iache bafuni, maana ikishakauka hakuna gundi nyingine itakayoshika juu yake siku ya kurekebisha. Nje, waya uuachie upinde unaoning'inia chini ya usawa wa tundu, ili maji ya mvua yafuate waya hadi kwenye upinde na kudondokea hapo badala ya kuingia ndani.

Kebo kuelekea mbele ina njia mbili: ndani, kupitia makabati na chini ya sakafu, au chini ya gari kwenye chasi. Ya chini ni fupi na rahisi, lakini kebo iwe ndani ya bomba la plastiki, ifungwe kila baada ya nusu mita hivi, na ikae mbali na ekzosi na shafti. Viungo vyote viwe ndani ya gari kadiri inavyowezekana, kwa kuwa plagi iliyoachwa chini ya chasi hupata kutu haraka.

Umeme wengi huuchukua kwenye waya wa taa ya rivasi, na skrini inawaka yenyewe gia ikiingia. Ni sawa. Kwenye magari mapya ambayo kompyuta yake hukagua balbu kwa umeme wa kukatakata, picha inaweza kuchezacheza. Dawa ya kawaida ni rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme. Njia ninayoipenda zaidi ni kuchukua umeme kwenye waya unaopata umeme swichi ya injini ikiwashwa, ukaweka fyuzi ndogo ya ampea 1 au 2 karibu na chanzo, ili uweze kutazama nyuma hata ukiwa barabarani. Kwa kamera na skrini tumia ethi moja iliyo safi, yaani mahali pamoja pa kufunga waya wa hasi kwenye bodi. Ethi mbili zilizo mbali huleta mistari inayotembea kwenye picha.

Mistari ya rangi inayokuja na kamera hukadiriwa kwa gari dogo, kwa hiyo kwenye kamera iliyo mita 3 juu inadanganya. Simamisha gari mahali tambarare, weka kitu mita 1, 2 na 3 nyuma ya bampa, kisha weka alama zako mwenyewe kwa vipande vya utepe pembeni mwa skrini.

Na kuna vitu kamera hii haivioni. Imeinama, kwa hiyo tawi lililo usawa wa paa halimo kwenye picha. Haioni pia pembe ya nyuma inavyotoka nje gari linapokata kona, na kwenye motahomu yenye mwili mrefu nyuma ya ekseli pembe hiyo hutoka sana. Hapo ni vioo vya pembeni na mtu wa kukuelekeza aliyesimama mahali unapomwona. Akitoweka kwenye kioo, unasimama. Anayevuta gari dogo nyuma, likiwa na magurudumu yake yote manne ardhini, hana haja ya kamera ya kurudi nyuma hata kidogo, kwa kuwa magari mengi yanayovutwa hivyo hayapaswi kusukumwa kinyumenyume. Magurudumu ya mbele hujikunja na kuharibu usukani au kifaa cha kuvutia. Huyo anaihitaji ile ya kutazama safarini, kuona kama gari lake bado linafuata sawasawa.