Nyota wa michezo anaposhtakiwa kwa mauaji: umma huhukumu nini?

Jioni ya tarehe 17 Juni 1994, Wamarekani wapatao milioni 95 walikuwa mbele ya televisheni wakitazama gari jeupe likienda taratibu kwenye barabara kuu za Los Angeles, na nyuma yake msururu wa magari ya polisi. Ndani alikuwamo O.J. Simpson, nyota wa zamani wa futiboli ya Kimarekani, aliyepaswa kujisalimisha siku hiyo ajibu mashtaka ya kumuua mtalaka wake, Nicole Brown Simpson, pamoja na rafiki wa Nicole, Ron Goldman. Kituo kimoja kilichokuwa kikirusha fainali ya mpira wa kikapu kiliigawa skrini, mechi ikasukumwa pembeni. Watu walikimbilia madaraja yanayopita juu ya barabara, wakampungia mikono, wakainua mabango ya kumtia moyo.

Nicole na Goldman walikuwa wameuawa siku tano tu kabla. Waliokuwa wakishangilia darajani hawakuwa wameona ushahidi wowote. Waliokuwa nyumbani wakisema "anakimbia, basi kaua" nao hawakuwa wameuona.

Sisi ambao kazi yetu ni kuelimisha umma kuhusu haki za jinai huulizwa jambo lilelile kila kesi ya namna hii inapozuka: mnaonaje, kafanya au hakufanya? Jibu letu huwaudhi wengi. Hatujui, na mwulizaji naye hajui. Tunachokijua ni jinsi umma unavyoufikia uamuzi wake mapema hivyo, na ni nani huumia unapoufikia.

Mwaka 1956 watafiti Donald Horton na Richard Wohl walieleza ukaribu wa upande mmoja unaojengeka kati ya mtazamaji na mtu wa televisheni. Mtazamaji humzoea, humjua sauti na mwendo, hufurahi naye na kuumia naye, ilhali mwenzake hajui hata kama yupo. Mwanamichezo ni wa kwanza katika watu wa aina hiyo, kwa sababu tunamwona katika jasho, maumivu na machozi yake, mambo ambayo hata majirani zetu hutuficha. Tunaamini tumemjua. Tena kuna mtego mwingine, ambao Edward Thorndike aliuonyesha mwaka 1920 alipochunguza jinsi maofisa wa jeshi walivyowapima askari wao: aliyepewa alama nzuri kwa umbo lake alielekea kupewa alama nzuri pia kwa akili na tabia. Sifa moja iliziangazia nyingine zote.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Oscar Pistorius wa Afrika Kusini. Alikatwa miguu akiwa na umri wa miezi 11, na mwaka 2012 alikimbia kwa miguu ya bandia katika Michezo ya Olimpiki ya London dhidi ya wenye miguu yao. Ukakamavu huo ni wa kweli, hakuna wa kuupunguza. Lakini hauna ushahidi wowote wa kutoa kuhusu risasi nne alizofyatua kupitia mlango wa choo nyumbani kwake Pretoria, usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 2013, zilizomuua mpenzi wake Reeva Steenkamp. Wengi waliosema "mtu kama yule hawezi" walikuwa wanazungumzia uwanja wa mbio.

Yupo pia shabiki anayekimbilia upande wa pili. Mwaka 1976 Robert Cialdini na wenzake waliripoti kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani walivaa nguo zenye alama za chuo chao kwa wingi zaidi Jumatatu baada ya timu kushinda, na kwamba walipozungumzia ushindi walisema "sisi" zaidi kuliko walipozungumzia kushindwa. Heshima ya mchezaji huwa sehemu ya heshima ya shabiki. Mchezaji akishtakiwa, shabiki huona doa limemwingia na yeye. Hapo ama atamtetea kwa nguvu zote, ama atamtupa mbali haraka iwezekanavyo. Hizi huonekana kama tabia mbili zinazopingana, lakini chanzo chake ni hofu moja.

Aaron Hernandez alikuwa mchezaji wa New England Patriots, klabu ya futiboli ya Kimarekani. Alipokamatwa tarehe 26 Juni 2013 kuhusiana na kifo cha Odin Lloyd, klabu ilimwondoa ndani ya saa mbili. Siku chache baadaye ikawaalika mashabiki warudishe jezi zenye jina lake wapewe za wachezaji wengine bila malipo, nao wakapanga foleni. Klabu ina haki ya kulinda jina lake, na mwajiri halazimiki kungoja hukumu ya jinai ndipo amsimamishe mtu kazi. Tatizo ni pale umma unapoisoma hatua ya klabu kana kwamba ni hukumu. Hernandez alipatikana na hatia ya kumuua Lloyd mwezi Aprili 2015, karibu miaka miwili baada ya zile foleni za jezi. Na mwaka 2017, katika kesi nyingine ya mauaji ya watu wawili, jopo la wananchi, ambao Marekani ndio huamua hatia katika kesi kama hizo, lilimwona hana hatia ya mauaji hayo. Mtu mmoja, kesi mbili, majibu mawili tofauti, kwa sababu ushahidi haukuwa mmoja. Anayehukumu kwa kuangalia mtu, badala ya ushahidi, hana njia ya kuona tofauti hiyo.

Wanaopenda kusema kwamba polisi hawamkamati mtu bure waitazame kesi ya Rubin Carter, bondia aliyepigania ubingwa wa dunia wa uzito wa kati mwaka 1964. Alitiwa hatiani mwaka 1967, na tena mwaka 1976, kwa mauaji ya watu watatu katika baa moja mjini Paterson, New Jersey. Mwaka 1985 jaji wa mahakama ya shirikisho, H. Lee Sarokin, alizifuta hukumu hizo akisema upande wa mashtaka ulitegemea ubaguzi wa rangi na kuficha mambo ambayo utetezi ulistahili kuyajua. Sehemu kubwa ya utu uzima wa Carter ilikuwa imeishia gerezani. Majopo mawili yaliyosikiliza mashahidi yalifikia hukumu ambazo hazikusimama. Anayesoma kichwa cha habari tu yuko mbali zaidi na uhakika.

Nirudi kwa Simpson, maana kesi yake inaonyesha jambo ambalo maelezo ya saikolojia peke yake hayalifikii. Hukumu iliposomwa tarehe 3 Oktoba 1995 na akaachiwa huru, Wamarekani weusi wengi walishangilia, na weupe wengi walipigwa na butwaa. Kuitazama shangwe ile kama mapenzi tu kwa mchezaji ni kukosa kuielewa. Mwaka 1991 polisi wa Los Angeles walirekodiwa kwenye video wakimpiga Rodney King, mtu mweusi, na mwaka uliofuata jopo halikumtia hatiani hata mmoja wao kwa kumshambulia; ghasia zilizofuata ziliua watu zaidi ya 50. Kisha, katika kesi ya Simpson yenyewe, mpelelezi aliyekana kwa kiapo kwamba hutumia tusi la kibaguzi alisikika kwenye kanda akilitumia tena na tena. Hata vyombo vya habari havikuwa salama: jarida moja kubwa lilichapisha jalada lenye picha ya Simpson iliyotiwa giza, na watu waliliweka kando ya jarida jingine lenye picha ileile ambayo haikubadilishwa, wakajionea. Wengi walioshangilia Oktoba 1995 walikuwa wanatoa hukumu juu ya polisi. Sababu zao zilikuwa za kweli. Lakini waliouawa walikuwa Nicole na Ron, na shangwe ile haikuwaachia nafasi.

Hili ndilo linalonihangaisha kuliko yote. Umma unapogawanyika kati ya "kafanya" na "kasingiziwa", pande zote mbili humzungumzia nyota. Reeva Steenkamp alikuwa mhitimu wa sheria, na siku aliyokufa alitarajiwa kuzungumza na wanafunzi kuhusu ukatili dhidi ya wanawake. Vichwa vya habari vingi vilimwita mpenzi wa mwanariadha, na picha zake za mitindo zikawekwa chini ya habari ya kifo chake. Nicole alikuwa amewaita polisi zaidi ya mara moja. Mwaka 1989 Simpson hakupinga shtaka la kumpiga, akapewa adhabu nyepesi isiyo ya kifungo, na umaarufu wake ukaendelea kama kawaida.

Brazil nayo ina kesi ya kipa Bruno Fernandes wa Flamengo. Mwezi Machi 2010, akimtetea mchezaji mwenzake, aliwauliza waandishi wa habari ni mwanamume gani asiyewahi kushikana mashati na mkewe. Ilipita kama gumzo la soka. Wakati huo Eliza Samudio, aliyezaa mtoto na kusema Bruno ndiye baba, alikuwa ameshamripoti polisi kwa kumteka na kumtishia, na ombi lake la ulinzi lilikuwa limekataliwa. Alitoweka Juni mwaka huohuo. Bruno alihukumiwa mwaka 2013 kifungo cha zaidi ya miaka 22 kuhusiana na mauaji yake. Alipoachiwa kwa muda mwaka 2017 akisubiri rufaa, klabu ya Boa Esporte ilimsajili ndani ya wiki chache, na wapo mashabiki waliomwomba kupiga naye picha. Wadhamini walijitoa, na mwezi Aprili akarudishwa gerezani.

Kuhusu mahakama, jambo moja huwakanganya wengi. Katika kesi ya jinai, upande wa mashtaka lazima uthibitishe kosa pasipo kuacha shaka yenye msingi. Katika kesi ya madai ya fidia, inatosha kuonyesha kwamba dai lina uzito zaidi kuliko utetezi. Ndiyo maana Simpson aliachiwa huru mwaka 1995, na mwaka 1997 mahakama ya madai ikamwona anawajibika kwa vifo vilevile na kuamuru alipe dola milioni 33.5. Hakuna mahakama iliyoigeuza nyingine. Kila moja ilipima kwa kipimo chake. Hata daraja la kosa lenyewe hubishaniwa. Jaji Thokozile Masipa alimtia Pistorius hatiani Septemba 2014 kwa kuua bila kukusudia, na watu wakamshambulia jaji kwa maneno makali. Mahakama ya rufaa ilibadilisha hatia hiyo Desemba 2015 kuwa ya mauaji, kwa hoja kwamba anayefyatua risasi kwenye mlango wa chumba kidogo akijua kuna mtu ndani anaona uwezekano wa kuua, na akiendelea ameukubali. Kifungo kiliongezwa mwaka 2017. Kosa lilirekebishwa na majaji waliosoma hoja za kisheria. Matusi hayakuchangia chochote.

Kwa hiyo, nyota mwingine atakapokamatwa, mambo machache yako mikononi mwako. Unaweza kuacha kumtaja kama muuaji kabla ya hukumu, na papo hapo ukamtaja marehemu kwa jina lake. Hakuna haki inayozuia nyingine hapo. Unaweza kukataa kusambaza picha za maiti na za eneo la tukio, kwa sababu wazazi na watoto wa marehemu nao wana simu. Mtu akisema aliwahi kupigwa na mshtakiwa, si lazima uamue papo hapo kama ni kweli, lakini usimtukane kwa sababu ya jezi unayoivaa.

Na waache mashahidi. Katika kesi ya Pistorius, mahakama iliwaruhusu mashahidi wasiotaka sura zao zirushwe wabaki sauti tu. Hata hivyo shahidi mmoja, jirani aliyesikia kelele usiku ule, alieleza kwamba namba yake ya simu ilipotajwa mahakamani alianza kupigiwa na watu asiowajua, akiwamo aliyemwuliza kwa nini anadanganya. Kesi ya mauaji hutegemea watu wa namna hiyo, wa kawaida, wasio na walinzi wala wakala. Kama unajua kitu, kipeleke kwa wapelelezi au kwa wakili wa upande wowote, na ukiandike mapema kabla kumbukumbu yako haijachanganyika na unayoyasoma. Ukikiweka mtandaoni kwanza, wakili wa upande wa pili atakuuliza kizimbani ni kipi ulikiona mwenyewe na kipi ulikisoma, na huenda usiweze kumjibu.