Je, mashariki yote ya Nigeria ilikuwa Biafra kwa moyo mmoja?

Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba katika vita vya Biafra, jina la mashariki ya Nigeria ilipojitenga na nchi, watu wa mashariki walisimama pamoja, na kwamba Waijaw wa delta ya mto Niger walianza kudai lao baadaye, mafuta yalipoleta fedha. Si ajabu imani hiyo kukita mizizi, hasa Tanzania, nchi iliyoitambua Biafra Aprili 1968.

Tarehe zinasimulia vingine. Hofu za makabila madogo zilichunguzwa na tume ya wakoloni, iliyotoa ripoti mwaka 1958, kabla ya uhuru. Februari 1966 vijana wa Kiijaw walitangaza jamhuri yao ya delta. Ikadumu siku 12 tu. Tarehe 27 Mei 1967 serikali ya shirikisho iliigawa nchi katika majimbo 12, likiwemo Rivers, jimbo ambalo wengi wa delta walikuwa wakilidai. Biafra ilitangazwa siku tatu baadaye.

Wapo Waijaw waliopigania shirikisho, na wapo waliotumikia Biafra. Port Harcourt, mji wa delta, ilitekwa na jeshi la shirikisho Mei 1968: kuna familia zinazosimulia ukombozi, na kuna za Kiigbo, kabila kubwa la mashariki, zilizorudi baada ya vita zikakuta nyumba zao zina wenyewe wapya. Zote zinasema zilichokiona.

Ukikutana na simulizi ya namna hii, angalia kwanza msimulizi alikuwa mji gani, mwaka gani, kisha weka ramani ya majimbo ya 1967 pembeni.