Uzazi na uchumi: yasemwayo Tanga na yalivyo

Baraza za Ngamiani hazikosi mada hii. Akitajwa tu mtu aliyejaliwa mtoto wa saba, kuna watakaomsifu na kuna watakaoanza kumhesabia gharama. Kazi yangu ni ya vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, vya akina mama hapa mjini, kwa hiyo maneno haya nayasikia kila mara, na baadhi yake yanaumiza watu. Nimechukua yale yanayorudiwa mno.

«Nchi yenye watu wengi ndiyo yenye nguvu. Tuzae tu, uchumi utakuja.»

Watu ni soko, na watu ni nguvu kazi, hilo halina ubishi. Lakini mtoto aliyezaliwa leo ataanza kuzalisha baada ya miaka 18 au 20, na hadi hapo lazima alishwe, atibiwe na asomeshwe. Sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania milioni 61.7, kutoka milioni 44.9 mwaka 2012. Hilo ni ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka, na kwa kasi hiyo watu huwa maradufu kila baada ya miaka 22 hivi.

Tafsiri yake mtaani ni hii: ili shule yenu ibaki na msongamano ule ule ilio nao sasa, bila kuboreka hata kidogo, madarasa na walimu sharti wawe mara mbili ndani ya miaka hiyo 22. Vitanda vya wodi ya wazazi kadhalika, na maji pia. Uchumi wa taifa ukikua kwa asilimia 5 na watu wakaongezeka kwa 3, kila mmoja wetu anaongezewa kama asilimia 2 tu. Ndiyo sababu tunasikia redioni kwamba uchumi umekua, halafu sokoni Mgandini hatuuoni.

Kinacholeta nafuu ni uwiano kati ya wanaofanya kazi na wanaowategemea. Kwetu, zaidi ya asilimia 40 ya watu hawajafikisha miaka 15. Korea Kusini ilikuwa hivyo hivyo mwaka 1960, mwanamke mmoja akizaa kwa wastani watoto 6. Uzazi uliposhuka, kikapatikana kizazi kikubwa cha vijana chenye watoto wachache wa kulea, na familia zikapata cha kuweka akiba. Ila vijana wale walikuwa wameshasomeshwa, na viwanda vilikuwapo vya kuwaajiri. Bila shule na ajira, kupungua kwa uzazi peke yake kusingewatajirisha. Anayewaahidi watu kwamba wakizaa wachache utajiri utakuja wenyewe naye anapotosha.

«Basi umaskini wetu umetokana na kuzaana ovyo.»

Hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu dhana hii humtupia mama maskini lawama ambazo si zake. Tazama historia ya mkoa wetu wenyewe. Mkonge uliletwa mwaka 1893, na mashamba yake yakaenea kuanzia Pangani na Muheza hadi Korogwe. Tatizo la wenye mashamba halikuwa wingi wa watu. Watu walikuwa hawatoshi! Ndiyo maana wakaletwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka Njombe, Kigoma, Msumbiji na Burundi, na wajukuu wao ndio majirani zetu leo. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilivuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ikiongoza duniani. Zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mashamba baada ya kutaifishwa yakasimamiwa vibaya, na kufikia miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umebaki sehemu ndogo tu ya ule wa zamani. Maelfu walipoteza kazi. Hakuna mama yeyote wa Korogwe aliyeiangusha bei ya mkonge kwa kujifungua.

Hata kukua kwa idadi ya watu hakutokani na uzazi peke yake. Mkoa wa Pwani, ndugu zetu wa Bagamoyo wakiwamo, ulikuwa na watu kama milioni 1.1 mwaka 2012. Miaka kumi baadaye ukapita milioni 2. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni watu waliohamia, wengi wao wakitoka Dar es Salaam kutafuta viwanja na kazi. Tanga katika muda huo ilitoka milioni 2 na kidogo ikafika milioni 2.6.

«Mimba ni mambo ya nyumbani na hospitali. Uchumi ni bandari, saruji na bomba la mafuta.»

Mwenye kusema hivi nampeleka kwenye kitabu cha kikoba. Kila wiki mwanachama hununua hisa, kuanzia moja hadi tano, na kila hisa hugongwa muhuri kwenye kitabu chake. Ukikifungua kitabu cha mama anayekaanga samaki Makorora, unayasoma maisha yake bila kumwuliza. Mihuri mitano, mitano, minne, mitano. Halafu mmoja. Halafu mistari mitupu, ukurasa baada ya ukurasa. Alikuwa mjamzito, miguu ikavimba, akashindwa kusimama kwenye karai la mafuta ya moto. Alipojifungua, mtaji ulishaliwa. Mihuri ikarudi mmoja mmoja mtoto alipoanza kutembea, na kabla haijafika mitano, mimba nyingine.

Mama huyu hakukosa bidii, wala hakukosa akili ya biashara. Alichokosa ni muda wa kupumua kati ya mtoto na mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine, na sababu zake ni za kiafya: mimba zilizobanana huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa njiti au na uzito mdogo. Vikoba vinaonyesha kwamba miezi hiyo hiyo ndiyo inayoujenga upya mtaji. Kwa hiyo mimi swali langu kwa familia si «mtazaa wangapi?», maana hilo ni lao na Mungu wao. Swali ni kama mama ana uwezo wa kuamua lini.

Kwa binti wa shule, swali hilo la lini ni zito zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kushika mimba. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu binti aliyejifungua arudi shuleni, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kurudi kunahitaji wa kumwachia mtoto, sare mpya, nauli, na bibi asiyemsimanga. Bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, hapa hapa kwetu, na kazi zake nzuri huulizwa vyeti. Binti aliyeishia kidato cha pili hawezi kuziomba.

Utafiti huo huo ulileta habari njema pia. Vifo vya akina mama vinavyotokana na uzazi vilikadiriwa kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015-16 ulikadiria 556. Kila mama anayebaki hai ni nyumba isiyovunjika, ni watoto wasiogawanywa kwa shangazi na mama wadogo.

«Majira na vijiti vinaua kizazi.»

Hili la njia za kupanga uzazi ndilo linalosambaa kwa kasi kuliko yote, na nadhani ni kwa sababu limejengwa juu ya jambo la kweli lililoelezwa vibaya. Mwanamke akiacha sindano ya miezi mitatu, anaweza kukaa miezi kadhaa, hata karibu mwaka, kabla ya kushika mimba. Asipoambiwa mapema, ataamini ameharibiwa, na mtaa mzima utaamini naye. Ukweli ni kwamba uwezo wa kuzaa unarudi. Kwa kijiti na kitanzi hurudi haraka mara vinapotolewa, na kwa vidonge vivyo hivyo. Maudhi yapo, kama hedhi kuvurugika au kichwa kuuma, na muuguzi anayemwambia mama «utazoea» bila kumsikiliza au kumpa njia nyingine anaipa nguvu dhana hii.

Kinachoharibu kizazi kweli ni magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa, hasa kisonono na klamidia, pamoja na utoaji mimba usio salama. Hayo barazani hayasemwi sana.

Wanaouliza kuhusu dini nawajibu kwa kifupi. Masahaba walifanya azli, yaani kumwaga mbegu nje, zama za Mtume (S.A.W.), na Hadithi ya Jabir kuhusu hilo imo katika Bukhari na Muslim. Wanazuoni wengi wamejengea hapo ruhusa ya kupanga uzazi kwa njia isiyo ya kudumu, kwa ridhaa ya mke na mume. Zaidi ya hapo muulize shehe wako, au padri wako, maana Kanisa Katoliki lina msimamo wake na njia zake za kalenda.

«Wanawake waende kliniki, sisi tunatafuta pesa.»

Baba wa familia ndiye mara nyingi anayeshika nauli ya kwenda zahanati, na ndiye anayeweza kukataza. Kijiti, sindano, kitanzi, vidonge na kondomu hutolewa bure kwenye vituo vya umma, kwa hiyo hoja ya gharama haisimami. Kufunga uzazi kwa mwanamume ni upasuaji mdogo, hakupunguzi nguvu za kiume, na huchukua kama miezi mitatu kabla ya kuaminika, kwa hiyo kondomu iendelee kutumika hadi hapo. Anayefika na mkewe husikia maelezo yale yale, huuliza mwenyewe kuhusu maudhi, na akirudi barazani ana la kujibu.