“Mwanangu, si uweke skrubu nyembamba tu?”

Wiki hii nimeulizwa hivyo mara tatu. Wa mwisho ni mama aliyevuka maji kutoka Lamu hadi Mokowe, akapanda basi mpaka kliniki yangu ya meno Malindi. Gego lake la chini liling'olewa miaka 6 iliyopita, na jirani ameshamwambia: taya ikiwa nyembamba, dawa yake ni kipandikizi chembamba, yaani ile skrubu ya chuma inayotiwa ndani ya mfupa wa taya ili ishike jino la bandia.

Si dawa. Kipandikizi cha kawaida kina kipenyo cha milimita 4 hivi, na kinataka mfupa wa milimita 1 hadi 1.5 kila upande. Kwa hiyo ukingo wa taya uwe na unene wa milimita 6 au 7. Wa mama huyu ulikuwa 4. Vipandikizi vya milimita 3 vipo, nami navitumia, lakini kwa meno madogo ya mbele. Gegoni, panaposagwa kashata na mifupa ya mbuzi, chuma chembamba kinaweza kukatikia ndani ya taya, na kukitoa ni kuchimba mfupa uliokuwa haba tangu mwanzo. Hivi fundi wa Lamu akikuta ukuta mwembamba huchonga boriti iwe kijiti? Hujenga ukuta kwanza. Nasi ndivyo: tunatandaza unga wa mfupa na kuufunika kwa utando, au tunapasua ukingo katikati na kuutanua taratibu. Unga ule kwa kawaida husubiriwa miezi 4 hadi 6 ushike. Ndiyo, miezi, na nauli ya kurudi naijua.

Wagonjwa hunibishia hivi: “Eksirei ilionyesha mfupa tele.” Eksirei bapa huonyesha kimo, haionyeshi unene. Unene utauona kwenye skani ya pande tatu.

“Limetoka jino tu, mfupa upo.” Ndani ya mwaka mmoja ukingo unaweza kupoteza hadi nusu ya unene wake, sehemu kubwa katika miezi 3 ya kwanza, na meno ya kuvaa hayazuii. Ndiyo maana nasema, hata wanichoke: kabla hujang'oa, uliza pengo litazibwaje.

“Unga huo ni wa nguruwe.” Mwingi ni wa ng'ombe. Ila baadhi ya tando hutokana na nguruwe, kwa hiyo swali lenyewe ni halali kabisa. Zipo za ng'ombe na za kutengenezwa, na mfupa wenyewe twaweza kuuchukua nyuma ya taya yako. Uliza kabla ya ganzi, si ukiwa na nyuzi kinywani.